Mgeni Aliyeuliza Majina ya Vitu: Maisha ya Ludwig Krapf



Nilipoombwa kuandika habari za maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya kurasa hizi, nilidhani ningechagua kiongozi wa siasa au shujaa wa vita. Badala yake nimemchagua Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1881. Wengi wetu tunalikumbuka jina lake katika somo la historia, mstari mmoja au miwili, tukalikariri kwa ajili ya mtihani na kulisahau baada yake. Mimi ninalo deni kwake, na deni hilo lilianzia hapa hapa Manundu. Basi kabla sijasimulia habari zake, hapana budi nieleze kwanza aibu yangu.

Nilipokuwa kidato cha pili, babu yangu mzaa baba alishuka kutoka milimani, upande wa Vuga, kuja kunitazama. Siku hiyo alikaa nami chini ya mwembe pamoja na wenzangu wanne watano, akatusimulia enzi za Kimweri. Akasema kwamba zamani, kabla ya Wajerumani kuja kutawala, alipanda mgeni mmoja wa Kizungu hadi kwa mfalme, akarudi tena miaka michache baadaye. Mgeni huyo alikuwa na tabia ya ajabu: kila alichokiona alikiuliza jina, kisha akaandika. Babu alitaja hata jina la mahali pale alipolazwa. Habari hizo yeye alizipata kwa babu yake.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kuandika daftarini habari za Karl Peters na mikataba yake ya mwaka 1884. Nikajiona msomi. Nikamwambia babu mbele ya wenzangu kwamba anachanganya mambo, kwamba huyo lazima alikuwa Mjerumani wa serikali, na kwamba kabla ya hapo hakuna Mzungu aliyekanyaga Usambara. Wenzangu wakacheka. Babu hakujibu neno. Alichukua bakora yake, akanipa hela ya sabuni, akaenda kuwahi basi la kupandia Soni. Tangu siku ile hakunisimulia tena habari za kale. Alifariki nikiwa kidato cha sita, mbali na nyumbani.

Mwaka 2003, nikiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikuwa naandika insha juu ya biashara ya pwani katika karne ya kumi na tisa. Mkutubi akanipa kitabu cha safari za Krapf, kile kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza, London, mwaka 1860. Nikapekua vichwa vya sura nikitafuta Vuga: hakuna. Nikatafuta Kimweri: hakuna. Nikawa nataka kukirudisha, mara jicho likaangukia jina Fuga, na karibu yake jina Kmeri. Nikaketi. Mgeni wa babu alikuwa ndani ya kitabu, naye alikuwa amekwenda mara mbili, kama babu alivyosema: mwaka 1848 na mwaka 1852. Wajerumani wa serikali walikuja zaidi ya miaka thelathini baada ya safari ile ya pili.

Sasa nisimulie maisha ya mtu huyo.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala kitandani kwa miezi kama sita. Katika ugonjwa ule ndipo alipoanza kupenda kusoma, hasa Biblia. Baadaye alipelekwa shule ya mjini, na baba yake akamnunulia atilasi. Kijana akaitazama ramani ya Afrika, akaona upande wa Adali na nchi ya Wasomali majina ni machache mno. Akajiuliza kama nchi ile ni jangwa tupu lililojaa fisi. Muuza vitabu mmoja akamwazima kitabu cha safari za James Bruce ili apate jibu.

Huyu James Bruce alikuwa Mskoti aliyeanza safari ya kwenda Ethiopia mwaka 1768, na kitabu chake kilitoka mwaka 1790. Aliporudi Uingereza, mabwana wengi wa London walimcheka wakaona anatunga hadithi. Miaka ikapita, wasafiri wengine wakafika huko wakakuta mengi aliyoyasema ni ya kweli. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana litarudi.

Mwaka 1827 Krapf alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, na baadaye akasoma elimu ya dini katika Chuo Kikuu cha Tübingen. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia na Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Uingereza. Huko alifukuzwa Tigre, akahamia Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, akajifunza lugha ya Waoromo na kuandika juu yake. Alipotoka kwenda Misri kumwoa Rosine Dietrich mwaka 1842, njia ya kurudi Shoa ikafungwa. Ndipo akafikiria kuzunguka kwa bahari, ili awafikie Waoromo kwa kupitia pwani yetu.

Januari 1844 alifika Unguja. Sultani Seyyid Said alimpokea vizuri, akampa barua kwa maliwali wake. Mwezi Mei Krapf na mkewe wakahamia Mombasa. Haikupita miezi mitatu, homa ikawaangusha wote wawili. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai alifariki, na siku mbili baadaye mtoto naye akamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na kaburi lipo mpaka leo huko Nyali. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa.

Mtu mwingine angepanda jahazi akaenda zake, yeye akabaki. Tayari alikwisha kuanza kusoma Kiswahili kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin, na mwezi Juni mwaka ule ule alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai, katika nchi ya Wamijikenda. Kwa upande wa dini kazi yao haikuzaa sana. Waliobatizwa katika miaka ile wanahesabika kwa vidole. Lakini kila siku Krapf aliuliza, na kila jibu aliliandika.

Julai 1848 aliondoka Mombasa kwa miguu pamoja na kiongozi wa njia, Bwana Kheri, na wapagazi wachache, kuelekea Usambara. Mwezi Agosti alifika Vuga. Hapo alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, aliyeheshimiwa kwa jina la Simba. Msomaji wa leo anayepita Korogwe kwa basi huenda asijue ukubwa wa dola ile. Kimweri alitawala milima yote ya Usambara na nchi za tambarare zilizo chini yake hadi kukaribia bahari. Wanawe walipewa nchi za kutawala kwa niaba yake. Krapf aliandika jambo moja ambalo wanahistoria wameliona kuwa la thamani kubwa: katika pwani ya Tanga na Pangani, madiwani walikuwa na mabwana wawili, Sultani wa Unguja na Kimweri wa Vuga. Asiyesoma habari hiyo hudhani pwani ilitazama baharini tu, kumbe ilitazama na milimani pia.

Aliandika pia jambo lililokuwa linachemka huku kwetu tambarare. Wazigua walikuwa wamepata bunduki kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, na bunduki zile zilikuwa zinabadili nguvu za nchi. Biashara ya watumwa ilikuwa nyuma ya bunduki hizo. Kimweri alikuwa mzee, na enzi yake ilisimama kwa heshima na desturi kuliko kwa silaha. Alipofariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu wakaingia vitani, Semboja wa Mazinde akaishambulia Vuga, Wabondei wakaasi, na watu wengi wakauzwa pwani. Ukisoma Krapf wa mwaka 1848 unaona dalili za mvua kabla mawingu hayajafunga.

Mwaka 1852 alirudi, safari hii akipitia Pangani. Kimweri alikubali walimu wa Krapf wajenge katika mlima Tongwe. Nyumba ile haikujengwa kamwe. Chama chake hakikuwa na watu wa kutosha, naye mwenyewe afya ilikuwa imemwishia. Wamisionari wa kwanza kukaa nchi ile walikuwa wa chama kingine, waliofika Magila mwishoni mwa miaka ya 1860.

Katikati ya safari hizo mbili za Usambara, Krapf alikwenda Ukambani. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya na vilele vyake vyeupe. Mwenzake Rebmann alikwisha kuiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Habari zilipofika London, bwana mmoja mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, alizikataa. Cooley hakuwa amefika Afrika Mashariki. Alikuwa mtu wa vitabu na ramani, tena msomi kweli kweli, na kwa hesabu zake theluji karibu na ikweta lilikuwa jambo lisilowezekana. Akaandika kwamba wamisionari wale wamedanganyika. Hadi mwaka 1861 na 1862, Baron von der Decken alipopanda Kilimanjaro na kuthibitisha theluji ipo, Rebmann na Krapf walibaki wakitiliwa shaka.

Hapo ndipo kitabu kiliponichoma. Bruce hakuaminiwa, Krapf akasoma Bruce. Krapf hakuaminiwa, nami nikamsoma Krapf baada ya kukataa kumwamini babu. Niliponena na babu yangu chini ya mwembe ule, mimi ndiye niliyekuwa Cooley. Nilikuwa na daftari, na daftari halikutaja jambo lile, kwa hiyo jambo lile halikuwapo.

Krapf aliondoka pwani mwaka 1853 akiwa mgonjwa. Mwaka 1861 alirudi kwa muda mfupi kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanza kazi Ribe, na mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza kwenda Ethiopia kama mkalimani, lakini ugonjwa ukamrudisha. Miaka mingine yote aliishi Korntal, Ujerumani, akiandika. Alikuwa amepeleka huko hati za tenzi za kale za Kiswahili, mojawapo Utendi wa Tambuka, na kwa kufanya hivyo akaziokoa. Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kamusi ya Kiswahili aliyoianza Mombasa mwaka ule aliozika mkewe. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki. Kamusi ikachapwa London mwaka 1882, kurasa zaidi ya mia nne, naye hakuiona.

Mpaka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoka mwaka 1981, ilikuwa imepita miaka tisini na tisa. Kiswahili cha Krapf ni cha Mombasa, si cha Unguja kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa sababu hiyo kimehifadhi maneno ambayo leo utayatafuta bila kuyapata. Tena hakutoa maana tupu. Penye neno la dawa alieleza dawa inavyotumiwa. Penye neno la nguo, au chombo cha baharini, au desturi ya maziko, alieleza. Kwa hiyo kamusi yake mtu anaweza kuisoma kama kitabu cha historia ya maisha ya watu wa kawaida, ambao hakuna aliyewaandikia kitabu.

Wenzetu wa Uingereza na Uskoti wamezoea kutumia vitabu vya namna hiyo. Mskoti akitaka kujua kijiji cha mababu zake kilikuwaje miaka mia mbili iliyopita, hufungua maelezo ya nchi yaliyokusanywa na Sir John Sinclair kati ya mwaka 1791 na 1799. Sinclair aliwapelekea wachungaji wa parokia zaidi ya mia tisa orodha ndefu ya maswali: watu wangapi, mazao gani, bei ya nyama, jina la mahali limetoka wapi. Majibu yakajaza vitabu ishirini na kimoja. Kwa Waingereza yako makamusi ya miji na vijiji ya Samuel Lewis, yaliyoanza kutoka mwaka 1831. Sisi hatukupata Sinclair. Lakini tunaye Krapf, tunazo Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, zilizochapwa kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907, na tunavyo vitabu vya wilaya walivyoandika maofisa wa Kiingereza, ambavyo hutunzwa katika Nyaraka za Taifa. Si haba.

Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni majalada, kwa hiyo naomba niwape wanafunzi mambo matatu niliyojifunza kwa miaka hii ya kupekua karatasi za zamani.

La kwanza ni tahajia. Mwandishi wa kigeni aliandika alivyosikia. Vuga ikawa Fuga, Kimweri akawa Kmeri. Ukitafuta jina kwa namna moja tu utaambiwa halipo, nawe utaamini. Litamke kwa sauti, kisha jiulize mgeni angeliandikaje.

La pili ni kumwangalia mwandishi mwenyewe. Krapf alikuwa mtu wa dini yake na wa wakati wake. Mambo ya imani za wenyeji aliyaandika kwa kuyahukumu, na Waislamu wa pwani vile vile, ingawa kadhi wao ndiye aliyemfundisha lugha. Kwa mfalme alikaa siku chache, akasikia yale aliyoambiwa. Mtu kama huyo husomwa kwa heshima, lakini kwa macho mawili.

La tatu ni kulinganisha. Abdallah bin Hemedi anatueleza habari za Mbega, yule mwindaji wa nguruwe aliyefukuzwa Nguu kwa sababu alikuwa kigego, akapanda Usambara, akawagawia watu nyama na kufanywa mfalme. Krapf alimwona kitukuu cha ukoo huo kwa macho yake. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Steven Feierman alikuja Usambara, akakaa na wazee, akalinganisha masimulizi yao na vitabu hivyo viwili na vingine, na kitabu chake kikatoka mwaka 1974. Alichokigundua ni kwamba wazee walikuwa na mengi ambayo vitabu havikuwa nayo. Angalieni: mtu alivuka bahari kuja kuwauliza babu zetu, na mimi niliyekaa naye chini ya mwembe mmoja nilimnyamazisha.

Likizo iliyofuata baada ya kusoma kitabu kile nilipanda Vuga. Nilikwenda kwanza kaburini kwa babu, kisha nikazunguka kwa wazee nikiuliza ni wapi alipolazwa mgeni wa Kimweri. Mmoja alinionyesha mteremko, mwingine akanionyesha mwingine. Hakuna aliyelijua lile jina alilolitaja babu. Krapf hakuliandika, ama kama aliliandika, kwa masikio yake ya kigeni sikulitambua. Mimi nililisikia kwa masikio yangu mawili, kwa Kishambaa kilicho safi, nikiwa na kalamu mfukoni, na silikumbuki. Nimejaribu usiku mwingi. Silikumbuki.

Ndugu zangu mlio madarasani sasa, mkifunga shule mtakwenda nyumbani, wengine Handeni, wengine Bumbuli, wengine hapa hapa Manundu penye mashamba ya mkonge na reli iliyofika Korogwe mwaka 1902. Huko kuna mzee au bibi ambaye bado yu hai. Nendeni na daftari la kurasa arobaini, halizidi bei ya soda. Muulizeni mto huu uliitwaje, kilima kile kimepewa jina na nani, nani alikuwa wa kwanza kulima hapa. Andikeni tarehe, andikeni jina la aliyesema. Akisema jambo ambalo halimo katika kitabu chenu cha shule, msicheke. Andikeni, kisha tafuteni.

Krapf alifanya hivyo miaka kumi katika nchi isiyo yake, akiwa na homa, akiwa amezika mke na mtoto. Mengi aliyoyatafuta hakuyapata. Waoromo hakuwafikia, nyumba ya Tongwe haikujengwa, kamusi hakuiona ikichapwa. Lakini kwa kuwa aliuliza na kuandika, mjukuu wa Mshambaa aliweza, baada ya miaka mia na hamsini, kujua kwamba babu yake alikuwa amesema kweli.

Kwa wenzangu wa miaka ile tuliokuwa chini ya mwembe: nilikwisha kwenda kuomba radhi. Mkipita Soni, nanyi pandeni.